Nani Anawapa Kuku Pumba?

Mjomba alipotoka hospitali akiwa amekatwa kipande cha utumbo mpana, Mama aliamua kwamba sembe haitaingia tena nyumbani kwetu. Iliyobaki akawagawia majirani, akapeleka mahindi mashineni yasagwe bila kukobolewa, na jioni ile ile tukala ugali wa dona na maharage. Alikuwa na uchungu wa dada. Kaka yake alitoka damu chooni kwa miezi, kila mtu akisema ni bawasiri, naye akinywa mizizi tu. Anafika kwa daktari, uvimbe wa saratani umeshakomaa.

Bibi, aliyewazaa wote wawili, hakubishana. Lakini siku zilivyokwenda ugali ukaanza kuwa mweupe. Mama akamfuata mwenye mashine, akamkaripia mbele ya wateja, na yule maskini akaapa kwamba hajakoboa hata punje. Kumbe kila alfajiri, kabla ya adhana, Bibi alikuwa nyuma ya banda anachekecha unga, pumba anawamwagia kuku. Kuku ndio waliomfichua: walinenepa, na mtama wakawa hawautaki.

"Mama, unafanya nini?"

"Dona ni chakula cha jela na cha bweni, mwanangu. Mgonjwa wangu simpi."

Kuhusu pumba, Mama alikuwa na hoja nzito. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini aliyefanya kazi miaka mingi Mulago, Kampala, aliona saratani ya utumbo mpana ni nadra kwa watu wa vijijini, na mwaka 1971 akaandika kwamba huenda sababu ni nyuzinyuzi za vyakula vyao. Nyuzinyuzi hazimeng'enywi huko juu. Hufika utumbo mpana, bakteria wakazichachusha na kutengeneza butireti, ambayo ndiyo chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Mwaka 2015 watafiti walichukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini, wakawabadilishia vyakula, hawa wakala vya wale na wale vya hawa. Wiki mbili tu zilitosha: kuvimba kwa utando wa utumbo wa Wamarekani kulipungua, kwa wa wanakijiji walioanza kula nyama na mafuta mengi kukaongezeka. Tena pumba na kiini cha punje vina folati, vitamini inayohitajika seli zinaponakili vinasaba. Ikipungua mwilini, vinasaba hupata kasoro na kukatika.

Shangazi aliposikia habari za folati akaja na kopo la foliki asidi, anataka Mjomba ameze vidonge vinne vinne. Watu hupenda sana njia hii ya mkato, nami inaniogopesha. Katika jaribio moja la Amerika ya Kaskazini, matokeo yake yalitoka mwaka 2007, watu waliowahi kutolewa vinyama utumboni, vile vinavyoweza kugeuka saratani, walimeza miligramu 1 kila siku kwa miaka, na vinyama vikaendelea kuota vile vile. Kuziba upungufu ni jambo jema. Kumjaza mtu kupita kiasi ni jambo jingine.

Wakati huo Mjomba alikuwa akijikunja usiku kucha kwa msokoto wa tumbo. Siku ya kliniki Mama alipeleka kesi nzima kwa nesi, pamoja na chekecheo, akitegemea kuungwa mkono. Nesi akampa haki Bibi. Mtu aliyetoka kukatwa utumbo, alisema, wiki za mwanzo ale vyakula laini visivyo na makapi mengi, kisha aongezewe pole pole. Dona na maharage wale wazima. Kopo la Shangazi alilizuia hapo hapo, kwa kuwa dawa ya saratani ambayo Mjomba angeanza kutumia, ya jamii ya fluorourasili, huzidisha madhara yake folati ikijaa mwilini.

Kisha akauliza kama mgonjwa ana ndugu wa tumbo moja, maana hao nao wanapaswa kupimwa utumbo kwa kamera hata kama hawaumwi popote.

"Mimi nakula dona," Mama akajibu.

Bibi alinyoosha mkono, akachukua chekecheo lake, akalipakata. "Dona utakula," alisema. "Kwanza mwambie nesi akuandikie tarehe."