Sifa za Jalala la Njia Panda

Jalala la mtaani linastahili sifa, na leo nalisifu hadharani. Nasema juu ya lile rundo ambalo mtu yeyote wa Likasi, mji wetu wa Haut-Katanga nchini Kongo, atakuonyesha bila kuhangaika: pembeni mwa soko, ukingoni mwa mtaro, kwenye kona zinapokutana njia mbili, mahali pasipo bango wala ukuta. Wapita njia huziba pua. Shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, huahidi kuliondoa. Siku ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, vijana hulipunguza kwa makoleo, na juma halijaisha limekwisha kurudia kimo chake. Wanaolilaani wana haki. Linafuga nzi na panya, linaziba maji ya mvua, na likichomwa moshi wake unaingia mpaka chumbani kwa mtoto mchanga. Yote hayo ni kweli na siyapunguzi. Ila wanaolilaani hawajauliza kwa nini liko palepale lilipo, mwaka baada ya mwaka, na jibu la swali hilo ndilo mpango wa taka ulio wazi kuliko wowote katika mji wetu.

Tazama linavyozaliwa. Anayebeba taka za nyumba katika komuni za Kikula au Panda mara nyingi ni mtoto aliyetumwa asubuhi kabla ya shule, au mama anayesafisha meza yake sokoni jua likizama. Ana ndoo iliyotoboka au mfuko wa unga uliokwisha. Hana pusupusu, kile kigari cha kusukuma, wala pesa ya kumlipa mwenye nalo. Atakwenda umbali ambao mikono yake inauweza, atapita njia isiyomkosanisha na jirani, na atamwaga pale ambapo hakuna mlango wa mtu unaotazama. Akipata mahali palipomegwa na mvua atapachagua kwanza, kwa sababu taka zinajaza shimo ambalo masika ijayo lingekula njia nzima. Kesho jirani anafanya hivyo hivyo. Baada ya miezi mitatu watu mamia wamekubaliana juu ya mahali pamoja bila kikao hata kimoja, na makubaliano yao yamezingatia umbali, mteremko, uzito wa mzigo na amani ya mtaa. Mpima ramani aliyetumwa kupanga vituo vya taka angehitaji majuma mengi kukusanya habari hizo. Jalala linazo zote, na hazifungiwi kabatini.

Nalisifu pia kwa kazi ya kuchambua. Chuma hakikai juu yake hata siku moja, maana wanunuzi wa mitrai, yaani vyuma chakavu, wanapita na mizani yao, na kila mtoto wa mtaa anajua kwamba sufuria iliyopasuka ni pesa. Chupa ya bia ya kioo haifiki kabisa, kwa sababu ina dhamana na lazima irudi kwenye kasha lake. Huo ndio utaratibu wa kurejesha vitu uliofanikiwa kuliko zote tulizowahi kuwa nazo, na ulianzishwa na biashara muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuhubiri mazingira. Chupa ya plastiki huokotwa, husuguliwa kwa mchanga, na huuzwa tena ikiwa na mafuta ya mawese au kinywaji cha munkoyo ndani. Kopo kubwa linakuwa mbabula, jiko la makaa. Maganda ya mihogo na ndizi huliwa na mbuzi na nguruwe. Hata udongo wa jalala la zamani unachukuliwa na kina mama wanaolima lengalenga kwenye mabonde, kwa kuwa ni mweusi na una rutuba.

Basi kinachobaki ni nini? Ni sashe, yaani vifuko vya plastiki, betri zilizokufa, nepi, na vitambaa vilivyooza. Hapo jalala linatuambia jambo ambalo hotuba nyingi zinalificha: taka za mji huu kwa sehemu kubwa si taka, mpaka pale kitu kimoja kinapoingia na kufunga vyote pamoja, nacho ni mfuko wa plastiki. Serikali ya Kinshasa ilikwisha kuliona hilo. Amri ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki. Rwanda ilikuwa imeipiga marufuku tangu 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019. Mtu akitaka kujua amri yetu imetekelezwa kiasi gani, asisome ripoti. Aende kona ya soko atazame rangi ya rundo. Nyeusi, bluu, nyeupe, zote zipo. Jalala ni mkaguzi anayetoa matokeo yake kila siku mbele ya umma, na hakuna anayeweza kumpa bahasha ili abadilishe alichoandika.

Sifa kubwa kuliko zote, kwangu mimi, ni kwamba jalala halijifichi. Wenyeji wa Likasi tunajua vizuri takataka za namna nyingine, zile zilizoamuliwa ofisini. Mji huu ulijengwa juu yake. Kampuni ya madini, Union Minière du Haut-Katanga, ilianzishwa 1906, na viwanda vya Shituru vilianza kutoa shaba mwaka 1929; enzi za ukoloni mji uliitwa Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, bwana mkubwa wa kampuni. Kampuni ilipanga kila kitu: nani akae kambi gani, watoto wasome wapi, posho igawiwe siku gani. Mabaki ya madini nayo yalipangiwa mahali, na mahali hapo pakawa mabonde na vijito vinavyoshuka kwenda Lufira. Maji hayo yanaishia ziwa Tshangalele, lililozaliwa mto ulipozuiwa Mwadingusha ili upatikane umeme wa viwanda. Kutoka ziwa hilo watu wanavua samaki, na samaki hao wanaletwa kuuzwa mjini kwetu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, wakiongozwa na Célestin Banza, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa wakazi wa ukanda huu. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini, na watoto walizidi wakubwa. Kobalti haina harufu, haina nzi, na mama anayechota maji haioni. Laiti ingenuka kama jalala, tungepiga kelele tangu siku za babu zetu.

Kisha kuna Mura. Novemba 2007 taifa zima lilisikia kwamba shehena ya madini ya shaba yenye mionzi, inayokadiriwa kuzidi tani 17, iliyokamatwa Likasi, imetupwa katika mto Mura karibu na mji. Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Didace Pembe, aliizungumzia hadharani na uchunguzi ukatangazwa. Amri iliyotolewa ilikuwa mzigo upelekwe Shinkolobwe, kwenye mgodi wa zamani wa urani, ule uliotoa madini ya bomu la Hiroshima na ambako wachimbaji wadogo walifukuzwa kwa amri ya rais mwaka 2004. Kwa hiyo uamuzi wa mahali pa kutupa ulikuwepo, umeandikwa, na ulikuwa na sababu zake. Lakini wakazi hawakujua kwamba kuna mzigo, wala kwamba kuna uamuzi, wala njia ya malori, na kwa kuwa hakuna aliyejua, hakuna aliyesimama barabarani kuuliza mbona lori linageukia mtoni. Takataka hatari kuliko zote zilizopita mjini mwetu zilipita kimya. Jalala la njia panda haliwezi kupita kimya. Likisogezwa mita 20 tu, kabla ya chakula cha mchana mtaa mzima una habari, na mwenye nyumba iliyosogezewa amekwisha kufika kwa shefu wa kartie.

Sasa naomba tuangalie ni nani hasa aliyepewa kazi ya kuamua. Sheria ya Oktoba 2008 juu ya miji, komuni, sekta na machifu inasema mji uwe na baraza lililochaguliwa, na komuni iwe na baraza lake. Usafi na taka ni miongoni mwa mambo ya mabaraza hayo. Sheria ya mazingira ya Julai 2011 nayo inazibebesha serikali za chini mzigo wa kusimamia taka. Uchaguzi wa madiwani wa komuni ulipofanyika hatimaye, Desemba 2023, ulifanyika katika komuni za miji mikuu ya majimbo tu. Likasi, wenye komuni 4, Likasi, Kikula, Panda na Shituru, ni mji wa pili wa Haut-Katanga na si mji mkuu wa jimbo. Meya wetu anateuliwa, na wakuu wa komuni vilevile. Hivyo mwananchi wa Kikula leo hana diwani aliyempigia kura ili amwambie, weka kituo hapa, usikiweke pale. Kura anayopiga juu ya taka anaipiga kwa ndoo, kila asubuhi, na matokeo ya kura hiyo ni jalala. Nani ana haki ya kuyadharau?

Mji ukiamua bila kuwauliza wanaokaa pale, uamuzi unarudi mezani kwa aibu. Dar es Salaam imeyapitia hayo. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki halmashauri ya jiji kwa kumwaga taka katikati ya makazi yao, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Jiji likaomba muda, likaomba tena, kisha mwaka 1991 likahamishia malori Kunduchi Mtongani. Huko wakazi karibu 800 wakaenda mahakamani, na jaji akakuta kwamba ramani ya jiji lenyewe ilikuwa imetenga eneo lile kwa ajili ya nyumba za watu. Halmashauri ilikuwa imevunja mpango wake. Nchi nzima ya Tanzania ikajifunza kwamba haki ya kuishi iliyoandikwa katika Katiba inafika mpaka kwenye moshi wa taka. Na Kampala, tarehe 10 Agosti 2024, mlima wa taka wa Kiteezi, uliokuwa ukipokea malori ya jiji tangu miaka ya 1990, uliporomokea nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Kiteezi haikuchaguliwa na mtoto mwenye ndoo. Ilichaguliwa na mamlaka, ikajaa, na mamlaka ikaendelea kupeleka.

Sitaki mtu anielewe vibaya kwamba nataka watoto wa Shituru waendelee kucheza juu ya betri zilizopasuka. Nataka jalala liheshimiwe kwa namna inayofaa: lisomwe kwanza, ndipo liondolewe. Kila mara tunapoliondoa bila kulisoma, linahama kidogo na kurudi, na fedha za koleo na lori zimepotea. Mtu mwenye busara angeanza kwa kuyaandika majalala yote ya komuni 4 kwenye karatasi moja, na mahali kila moja lilipo angeweka sanduku la chuma lenye mlango wa chini, ili mtoto afikie. Angewapa kazi wale ambao tayari wanachambua, waokota mitrai na chupa, kwa glavu, buti na malipo, kwa sababu ujuzi wanao na mji haujawahi kuwalipa. Baadhi yao ni watoto na wajukuu wa watu walioondoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mwaka 2003, zaidi ya 10,000 kwa mpango mmoja, na tangu hapo familia hizo zinajua thamani ya kila kipande cha shaba kilichoangukia barabarani. Betri zingewekwa peke yake. Sashe ingefuatwa kwa muuzaji wa jumla, kwa sababu ikifika kwa mtoto mwenye ndoo tumekwisha kuchelewa.

Halafu pangebaki swali la mahali pa mwisho, shimo kubwa la mji mzima, ambalo masanduku ya mitaani hayawezi kulikwepa. Hapo ndipo ninapoomba uwazi ule ule wa jalala. Jina la mahali litangazwe redioni kwa Kiswahili, makanisani na sokoni, kabla ya lori la kwanza. Isemwe ni umbali gani kutoka kisima cha karibu na kutoka mto gani. Isemwe kitakachoingia na kitakachokataliwa, na mabaki ya viwanda yawe ya kwanza kukataliwa. Wanaokaa karibu waruhusiwe kuhesabu malori.

Mheshimiwa Meya, na ninyi wakuu wa komuni zetu nne: karatasi ya mpango mtakapoiweka mezani, msiianzishe na ramani iliyotoka Lubumbashi au Kinshasa. Tokeni kwa miguu asubuhi ya Jumatatu, saa 12, wakati watoto wanabeba ndoo, muwafuate mpaka wanapomwaga, na muandike hapo.