Mafuta Yamepanda, Mama

Kila tarehe 14 ya mwezi, mamlaka ya nishati ya Kenya, EPRA, hutangaza bei ya mafuta, na kesho yake nauli za bodaboda Nairobi hupanda kabla ya jua. Hilo limezoeleka. La ajabu ni mwenye pikipiki ya umeme kumtajia abiria bei mpya, uso mkavu: “Si unajua mafuta yamepanda, mama?” Chini ya kiti chake hakuna hata tone.

Raha zake anazijua. Kituoni huchomoa betri iliyoisha, akachomeka iliyojaa, akaondoka kabla chai ya jirani haijapoa. Oili ya injini ameshaisahau, na hata umeme wake hautegemei sana mafuta: zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua.

Kero ni kwamba mara nyingi betri si mali yake, na ya kampuni hii haiingii kwenye pikipiki ya kampuni ile.

Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya abiria haisajiliwi ila ya umeme. Huko kisingizio cha petroli kinakata roho. Nairobi kingali na afya njema, na wenye pikipiki za umeme wameshakiandalia mrithi: bei ya tokeni za umeme.