Iacheni IST Ipumue: Vituko Sita vya Boneti

Kijana wa Cheyo, hapa Tabora, akipata gari la IST, kwanza tinti, pili muziki, tatu anafungua boneti kuichokonoa pua ya gari. Nahesabu vituko kuanzia cha kuchekesha hadi cha kufilisi.

6. Kung'oa boksi la ea klina na kufunga chujio la koni. Boksi lilikuwa likivuta hewa ya nje. Koni inavuta hewa ya moto humo humo kwenye injini. Mngurumo mtamu, nakubali. Mbio zile zile.

5. "Hewa nyingi, nguvu nyingi." Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya asilimia 10. Bomba pana la hewa litaivuta wapi nyingine? Nguvu za bure ziko Kariakoo, zifuate.

4. Koni ya pamba inayopakwa mafuta. Mwenyewe anaimiminia kama anakaanga sambusa. Mafuta ya ziada yanafuata hewa, yanatua kwenye sensa ya hewa.

3. Kuisugua sensa kwa ncha ya shati. Hapa tukae kidogo, bwana mdogo. Ndani ya kile kidude cha nyaya tano kuna uzi mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, umeme unaongezwa ili joto lisishuke, na kwa umeme huo kompyuta inajua uzito wa hewa iliyoingia. Ndipo inapopima petroli, takriban kilo 1 kwa kilo 14.7 za hewa. Uzi ukigandwa na mafuta na vumbi haupoi sawasawa. Kompyuta inadhani hewa ni haba, inabana petroli. Gari linapiga misi, taa ya injini inawaka, mashine ya kupimia inasoma kosa P0171, na wewe ushabadilisha plagi zote! Dawa ni kopo la spirei ya sensa, kisha uiache ikauke. Shati linakata uzi.

2. Kuchomoa soketi ya sensa "ili gari liwe jepesi". Litatembea, ndiyo. Kompyuta inabaki kukisia tu kwa mwendo wa injini na pedali unavyoikanyaga.

(Msinitajie Land Cruiser ya 1HZ. Hiyo ni dizeli ya lita 4.2, haina sensa ya hewa kabisa, na bomba lake likipanda hadi paani linakwepa vumbi zito la chini.)

1. Kutupa chujio. Kiangazi cha Tabora, barabara ya vumbi, na injini kifua wazi! Mchanga unakula ringi na silinda, moshi wa bluu unafuata. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe hadi Bagamoyo kwa miguu. Wewe unakwama kabla ya Sikonge. Chujio la karatasi lipo duka lolote la spea. Na ukilipiga upepo, puliza kutoka upande safi. Ukianzia upande wa vumbi, unalishindilia vumbi ndani.