Hata Faini Hawataki

Mtu anayeishi kwa kulalamika asihamie karibu na maktaba ya umma. Nasema haya nikiwa kitongojini nje kidogo ya Chicago, Oktoba 2020. Majani yanapukutika, kamba za barakoa zimenichubua masikio, miwani haiishi ukungu, na uchaguzi wa Wamarekani unatutoa roho hata sisi wageni. Nilikuwa nimejiandaa kununa mpaka Krismasi. Maktaba imenivurugia mipango.

Tuanze na faini. Shuleni kwetu Tanga, mkutubi alipekua kitabu ukurasa kwa ukurasa akitafuta alama ya mafuta ya maandazi, na akiipata, faini unayo. Huo ndio utaratibu ninaoujua. Chicago walifuta faini za kuchelewesha vitabu Oktoba 2019, hata kabla ya korona, na huku kwetu wakafuata. Kitabu changu cha bustani kilinasia nyumbani Machi, maktaba ilipofungwa. Nikapiga simu nikiwa na utetezi wa kutosha kesi ya mauaji. Dada wa watu akanijibu, “Usijali, kaa nacho tu.” Sasa utetezi wote ule niupeleke wapi?

Siku hizi kuazima ni hivi: unaegesha, unapiga simu, unataja namba ya kibao kilicho mbele yako, unafungua buti. Anatoka mama mmoja na koti la mvua, barakoa na glovu, kashika mfuko wa karatasi ulioandikwa herufi za mwanzo za jina langu. Anauweka, anafunga buti, analipiga makofi mawili kama kondakta wa daladala, twende! Mvua ya baridi inamchapa, na bado ananipungia mkono. Ukimnunia mtu kama huyo, Mungu anakuona.

Vikirudishwa, vitabu vinawekwa karantini. Watafiti walipopima, walikuta vilivyorundikwa bado vina dalili za virusi hata baada ya siku sita. Kwa hiyo riwaya ya upelelezi ninayoisubiri imekaa kwenye toroli lenye tarehe, imetulia, haisogei. Shemeji yangu alitoka harusini na watu mia, hakujitenga hata usiku mmoja.

Na watu wa maktaba hawatosheki na vitabu. San Francisco wakutubi walipelekwa kusaidia watu wa afya, wakawa wanawapigia simu waliokaribiana na wagonjwa. Kwingine mashine za maktaba zimetengeneza ngao za uso za manesi. Hapa kwetu jengo lilipofungwa waliacha intaneti ikiwaka usiku kucha. Pita jioni uone: magari yamejipanga, taa za ndani zinawaka, mtoto kalaza daftari kwenye dashibodi anamsikiliza mwalimu kwenye simu, mama yake kiti cha nyuma kapitiwa na usingizi, bado na sare ya kazi. Ni jambo jema sana. Ila mimi nafasi ya kuegesha nipate wapi?

Ugonjwa huu wa wema unaambukiza, naona. Mzee wa nyumba ya pili alifagia majani yake, akaunganisha na yangu, nami nilikuwa bado natafuta maneno ya kuyalalamikia. Nikampelekea chapati, nikaziacha kizingitini kama ilivyo desturi ya mwaka huu. Kesho yake sahani ikarudi na boga. Nani aliyeomba boga?

Lakini wiki hii watu wa maktaba wamenigusa pabaya. Yule mama wa koti la mvua kasikia lafudhi yangu kwenye simu, akauliza natoka wapi, nikamwambia. Nafungua mfuko nyumbani, juu ya riwaya nakuta kitabu ambacho sikukiomba: Kiswahili kwa wanaoanza. Mimi! Mtoto wa Tanga! Nakipitia chote nikiwa na kalamu ya risasi, nitafute kosa angalau moja nimpelekee.

Nimefika sura ya ngeli. Nimeomba waniongezee muda, na wala hawakuuliza kwa nini.