Maombi ya Kuazima Mizani

Kamishna Jenerali,
Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

YAH: MAOMBI YA KUAZIMA MIZANI

Mheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa, Ngarenaro, jijini Arusha. Kabla ya ombi, pokea pongezi zetu kwa kazi ya moto. Mlima Meru ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910, na kwa miaka mingi tukakaa bila moshi wa maana huko juu, hadi mlipoanza kupanda ninyi. Mwaka 2023 mlifika Kisimiri Juu, Arumeru, mkang'oa bangi, mkairundika, mkaitia kiberiti mbele ya waandishi wa habari. Taarifa zenu huja na ekari, magunia na kilo. Mtu anayejua ameteketeza kiasi gani hadi kilo ya mwisho lazima aaminiwe, nami nawaamini.

Nina dukuduku moja tu kuhusu Kisimiri. Kwenye miteremko hiyohiyo ipo Sekondari ya Kisimiri, shule ya serikali, iliyoongoza nchi nzima katika mtihani wa kidato cha sita mwaka 2016 na ikarudia mwaka 2020. Msafara wa magari kwenda kuuliza wale watoto walilishwa nini sikuusikia. Nadhani tatizo la ufaulu ni kwamba hauwaki vizuri.

Sasa ombi. Naomba tuazimwe ile mizani mnayopimia mizigo iliyokamatwa, kwa miezi mitatu.

Wazazi wanakuja kwangu, Mheshimiwa, maana mimi ndiye serikali iliyo karibu na mlango wao. Mama anakuja na kijana wake, kijana mwenyewe anataka kuacha, na mama anauliza: tumpeleke wapi? Swali hilo likija nami huuliza langu: anatumia nini? Akisema unga, yaani heroini, napumua. Tanzania ilianza kutoa methadone Muhimbili mwaka 2011, mapema kuliko nchi nyingi za jirani, na leo hata Arusha ina kliniki yake. Mgonjwa anafika kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi, arosto inatulia, anarudi nyumbani akiwa mtu. Dawa ni bure. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo, mfadhili wake ni mama huyohuyo anayeuza ndizi soko la Kilombero.

Lakini wengi wanaoletwa kwangu hawatumii unga. Wanavuta bangi yetu, ile ambayo hata Dar wanaiita "cha Arusha", wanatafuna mirungi wapate kukesha, kisha wanashushia gongo wapate kulala. Methadone inatibu uraibu wa heroini na jamii yake. Kwa hawa haina kazi. Kwa hiyo nalazimika kumweleza mama, kwa upole wa kiofisi, kwamba mwanawe alikosea kuchagua. Angechagua unga angalau tungekuwa na dirisha la kumwelekeza. Kwa alichochagua, zimebaki nyumba za upataji nafuu, nyingi za watu binafsi na asasi, ambazo mzazi hulipia kwa mwezi. Mwenye ng'ombe anauza ng'ombe. Asiye na ng'ombe anamfungia kijana chumbani na kuomba.

Kuhusu mirungi, sisi tunaoishi saa mbili kutoka mpaka wa Namanga tunahitaji semina zaidi. Wakenya, ambao huiita miraa, waliiingiza kwenye orodha ya mazao yanayosimamiwa na sheria mwaka 2016, na kaunti inayotamba kwa zao hilo inaitwa, bahati mbaya, Meru. Huku kwenye Meru yetu jani lilelile ni dawa ya kulevya, na mahakama zetu huwapa wasafirishaji wake miaka 30. Waingereza walilivumilia muda mrefu, wakalipiga marufuku Juni 2014. Mimi sina upande, mipaka iliwekwa na wakubwa. Ninachojua ni kwamba kijana aliyekamatwa na gunia ana uhakika wa mwaka atakaotoka. Aliyeamua kuacha kutafuna hana uhakika hata wa mahali pa kuanzia.

Viroba vya pombe kali navyo tunavikumbuka kwa heshima. Februari 2017 Waziri Mkuu alitangaza kwamba ifikapo Machi 1 viroba basi. Utekelezaji ukaongozwa na ofisi inayoshughulikia mazingira, kwa hiyo mwenye hatia akawa kifuko cha plastiki. Kilichokuwa ndani ya kifuko kiliachiwa huru, kikahamia kwenye chupa ndogo, ambako hadi leo kinaishi kwa amani na kulipa kodi. Mitaro yetu ilipumua kidogo. Maini ya vijana hayakutajwa kwenye kanuni. Na kila mwaka Mwenge wa Uhuru unatupitia na ujumbe wa mapambano dhidi ya dawa za kulevya (moto tena, Mheshimiwa, naona ndio mtindo wa nyumbani), halafu usiku wa mkesha mabanda ya vinywaji pembeni ya uwanja yanafanya biashara ambayo hayaioni mwaka mzima.

Narudi kwenye mizani. Sisi huku hatuna uwezo wa kuchoma kitu chochote, na bila kilo hakuna taarifa. Nimekaa nikawaza ni kitu gani nilicho nacho kinachoweza kupimwa, nikamwona mmoja wa vijana wangu kwa mama lishe. Ana wiki kadhaa hajagusa kitu. Alikuwa anakula ugali wa watu wawili na kuomba mchuzi wa kuongezea. Wengi wanaoacha wanakuwa hivyo: usingizi unarudi, njaa inarudi, shavu linajaa, suruali inakataa kufunga. Hizo ni kilo, Mheshimiwa. Hazijafungwa kwenye salfeti, lakini ni kilo.

Mpango wetu ni huu. Kila Jumamosi tutawapima walioacha, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na jumla itasomwa hadharani. Mkija na kamera, tutatandika turubai na kuwapanga kwa mstari kama mnavyopanga magunia, ila wao watasimama wenyewe. Gazeti litaandika kwamba Ngarenaro imerejesha kilo kadhaa za watu, na mkuu wa mkoa atakuwa na namba ya kusoma.

Nakiri ugumu mmoja wa kitaalamu. Bangi ikishateketezwa haifufuki, lakini mtu aliyeacha anaweza kurudi. Kuna Jumamosi kilo zitapungua, na kamera ikiwepo siku hiyo tutaaibika. Ndiyo maana tunaitaka mizani kwa miezi mitatu badala ya siku ya sherehe: aliyeanza kupungua tutamjua mapema, tumfuate kijiweni kabla hajapotea kabisa. Anahitaji mtu wa kumfuata, sahani ya chakula, kazi ya kumchosha mchana, na mshauri nasaha aliyesomea kazi hiyo, ambaye bei yake haizidi lita za dizeli za msafara mmoja wa kupanda mlimani. Lita hizo sijazipima. Mizani ni yenu.

Tutaitunza na kuirudisha ikiwa safi. Kama kuna fomu ya makabidhiano, itumwe ofisi ya mtaa, mhuri upo. Na kama mizani zote kubwa ziko kazini mlimani, tutapokea hata ile ndogo mnayopimia kete. Vijana wetu wengi bado wanaenea.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mjumbe, Ngarenaro.