Mafuta ya Nazi Hayaiwezi Minnesota

Sisi tuliozaliwa Tanga tunaijua kutu tangu utotoni. Upepo wa bahari unakula bati, unakula baiskeli, unakula na bawaba za mlango. Kwa hiyo nilipohamia Minnesota, jimbo ambalo ukitaka kuiona bahari ya chumvi huna budi kupanda ndege, nilimshukuru Mungu kwamba gari langu sasa litazeeka kwa heshima. Kumbe huku chumvi haiji na upepo, inaletwa na lori. Theluji ikianguka, malori yenye majembe mbele hupita usiku kucha yakiifagia na kumwaga chumvi ili barafu iyeyuke. (Malori hayo hupewa majina ya utani kwa kura za wananchi, na watu hupiga kura kweli.) Baridi ikizidi nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, chumvi ya kawaida huishiwa nguvu, basi huongezewa dawa kama magnesiamu kloraidi, ambayo ikishagusa bodi ya gari haitaki kuondoka. Nimeikimbia chumvi ya bure, nikaja kuikuta ya kulipiwa kodi.

Ndiyo maana inapofika Oktoba wenye magari wa huku huosha, hupiga polishi na kupaka nta. Kuielewa kazi yenyewe si vigumu. Juu ya rangi ya gari kuna tabaka angavu ambalo mafundi rangi huliita klia, nalo ni jembamba kuliko unywele. Nta hukaa juu ya klia, ili chumvi ikija iile nta kwanza. Ugumu uko kwenye masharti. Nta ya kopo haitaki jua kali, haitaki bodi yenye joto, haitaki baridi ya chini ya nyuzi 10 hivi. Siku ya namna hiyo ikipatikana Oktoba, itakuwa Jumamosi, na Jumamosi hiyo kila Mwafrika Mashariki wa Minneapolis ana harusi, hitima, au kikao cha mchango wa harusi nyingine.

Mwaka jana Jumamosi hiyo haikuja na harusi. Ilikuja na shemeji.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Alikaa miaka mingi Gerezani, Dar es Salaam, katikati ya mafundi magari, na ana neno la mwisho kwa kila chombo chenye magurudumu. Alinikuta na ndoo mbili kando ya Corolla yangu ya mwaka 2009.

"Shemeji, unaosha gari au unaogesha mtoto mchanga?"

Nikamweleza kwamba ndoo moja ni ya sabuni na ya pili ni ya kusuuzia sponji, ili mchanga uliotoka kwenye gari usirudi kuikwaruza klia. Akanisikiliza kwa huruma.

"Gerezani ndoo moja inaosha daladala tatu."

Sikubisha. Nimewahi kuziona hizo daladala.

Baada ya kuosha hufuata klei, kidonge laini kinachosuguliwa juu ya bodi iliyolowa ili kitoe yale yanayoishinda sabuni: utomvu wa miti, chembe za chuma zinazoruka kutoka kwenye breki. Kazi hiyo shemeji aliipenda, akaniondoa. Klei ina sharti moja tu: ikidondoka chini inatupwa, kwa sababu changarawe huzama ndani yake. Ikamponyoka. Akaiokota, akaipuliza, akaifuta kwenye suruali, akairudisha kwenye boneti. Nikasikia sauti ya kukwaruza.

"Huo ni uchafu unalia," akanihakikishia.

Mistari aliyoiacha niliitoa kwa polishi. Polishi haiongezi kitu, inaila klia kidogo kidogo mpaka mstari usionekane. Maana yake kila shemeji akidondosha klei, umri wa gari unapungua.

Juu ya tairi la mbele jiwe lilikuwa limedonoa rangi na kutu ilishaanza kuchungulia. Nilikuwa nimejiandaa. Namba ya rangi imebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, kwa gari langu ni 1F7, na kichupa chake chenye brashi kinauzwa dukani. Unapiga msasa mpaka kutu iishe, unapaka praima, rangi, kisha klia. Mke wangu akatoka na kichupa chake cha rangi ya kucha, ya fedha kama gari langu, akaweka kidole kando ya jeraha la gari. Hazikuwa na tofauti. Hata shemeji alinyamaza. Niliendelea na msasa wangu, lakini mpaka leo mke wangu akipita pale huitazama kucha yake, huitazama Corolla, hasemi kitu.

Kisha nikaingia ndani kuswali Adhuhuri. Niliporudi, buti na bampa ya nyuma vilikuwa vinameta kuliko siku gari lilipotoka kiwandani. Shemeji alisimama pembeni na kopo la mafuta ya nazi ya dada yake, aliyoyayeyusha kwenye maikrowevu.

"Nta ya nini, shemeji? Mng'ao ndio huu."

Sasa, mafuta ya nazi huganda yanaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi. Pwani hatuna haja ya kulijua hilo. Siku ile kulikuwa na nyuzi 15, na hiyo kwa Oktoba ya Minnesota ni neema. Buti lilianza kufifia, likapata ukungu, kisha likawa jeupe mbele ya macho yetu. Shemeji aliligusa kwa kidole, akakitazama kidole.

"Nchi hii ina laana," akasema.

Makopo ya nta hukuonya usioshee gari sabuni ya vyombo, kwa sababu inaondoa mafuta yote pamoja na nta. Siku hiyo sabuni hiyo ndiyo iliyotuokoa.

Nta tuliyopaka hatimaye ni ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti mmoja wa jamii ya mitende wa kaskazini mashariki ya Brazili. Nta hiyohiyo ndiyo inayozing'arisha peremende. Kwa bahati mbaya nilimwambia shemeji kwamba mti huo ni jamaa wa mnazi.

"Si ndicho nilichokuwa nakwambia tangu asubuhi?"

Ikabaki kungoja nta ikauke ndipo ifutwe. Hapo wakafika wadudu. Wako mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa, asili yao Asia, ambao alasiri za joto za Oktoba hutoka kwa mamia kutafuta pa kujificha baridi, na hupenda kutua mahali palipopata jua penye rangi nyepesi. Corolla ya rangi ya fedha iliwafaa. Wakatua kwenye nta mbichi. Wakiguswa hutoa maji ya njano yenye harufu mbaya, jambo ambalo shemeji aliligundua kwa kiganja.

Nta ilishika hata hivyo, na theluji ya kwanza ilipoyeyuka juu ya boneti maji yaliteleza yote yakaondoka. Shemeji huwaambia watu kwamba kazi ile ni yake. Lakini nta haifiki uvunguni, na magari ya huku huanza kuoza huko, kwenye chasisi na mabomba ya breki. Ewe msomaji mwenye gari kwenye baridi, usilikimbize kwenye gereji yenye joto likiwa bado limelowa chumvi, kwa sababu joto na unyevu huiharakisha kutu kuliko baridi ya nje. Ngoja siku ya juu ya sifuri, lipeleke likapigwe maji uvunguni, kisha likauke. Na uende alfajiri, maana siku hiyo foleni ya kuosha magari hufika mpaka barabara kuu.