Tarehe Mosi, Mita Inalia

Ndugu yangu, kama una vyumba vya kupangisha, vuta kigoda tukae tuliwazane. Kama huna, kaa tu, ila usiniulize ushauri.

Leo ni tarehe mosi, saa mbili usiku, na mita ya LUKU inalia pale kwenye korido, pii, pii, pii, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Zimebaki uniti 1.3. Nyumba nzima tunaisikia na nyumba nzima tumejifanya viziwi. Anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi ndiye anayekatwa kodi ya jengo, shilingi 1,500, na hapa kwetu hakuna anayetaka kutangulia. Mimi nimekaa kitandani na viatu vyangu. Simu anayo binti yangu Rehema, wa darasa la sita, anamulikia daftari.

Huyo Rehema sisi tunamwita Mkaguzi Mkuu. Hakuna shilingi inayoingia humu ndani bila kupita kwenye daftari lake, na kila noti inayowekwa kwenye kopo la akiba anaiandika herufi R ndogo ya kijani pembeni. Nilimkanya kuchafua hela ya serikali. Akaniuliza kama nina kitu cha kuficha.

Yalianzaje? Nyumba yetu iko Buguruni Malapa, nyumba ya Kiswahili kama unazozijua: korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu huku, uani choo na mwembe. Aliniachia marehemu mama. Vyumba sita, na vyote vimejaa ndugu wasiolipa. Basi kuna jamaa kazini ana vyumba vinne Kivule, na kila mwisho wa mwezi anakuja ofisini anapiga mluzi. Mluzi ule ndio ulioniponza. Nikachukua mkopo SACCOS, milioni tano, rejesho 175,000 kwa mwezi kwa miaka mitatu, nijenge banda la uani la vyumba vitatu. Kila chumba 60,000. Jumla 180,000.

Mkaguzi Mkuu alipiga hesabu akaniangalia kwa huruma. "Baba, faida ni shilingi 5,000. Chapati kumi."

Nikamwambia chapati kumi kila mwezi bila kutoka jasho si haba.

Ujenzi nilimpa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kwa sababu wewe mwenyewe unajua: ukimpa fundi mwingine utakula kwa mama nani? Huyu tunamwita Injinia Linta. Nyumba zote alizowahi kushika mjini hapa zimeishia kwenye linta, mwenye mali akaishiwa pumzi. Kwangu alisema tofali 700 zinatosha. Zilipokwisha 700 ukuta ulikuwa usawa wa madirisha. Mabati nilitaka geji 28, nikarudi nyumbani na geji 30, ambayo mvua ikinyesha hamsikilizani. Ikabaki mifuko mitatu ya saruji, tukaihifadhi kwenye chumba cha tatu, na Injinia akahamishia godoro lake humo ili ailinde. Saruji ilikwisha mwezi wa tano. Mlinzi bado yupo.

Kwa hiyo 120,000 inaingia, 175,000 inatoka. Zile chapati kumi sasa nadaiwa mimi, na nyingine mia juu yake.

Halafu kuna baba mkwe. Alistaafu reli, anaishi chumba cha mbele kulia, na jina lake la heshima ni Mzee Azimio. Azimio la Arusha la 1967 analo kichwani, na sharti analolipenda kuliko yote ni lile la kiongozi kutokuwa na nyumba ya kupangisha. Nilimjibu siku moja kwamba mimi si kiongozi, hata humu ndani siongozi chochote. Alikubali hilo haraka mno. Mwaka huo nimeusikia mara nyingi kiasi kwamba nimeufanya namba ya siri ya simu, maana ndio peke yake siwezi kuusahau.

Jioni moja akanisimulia jinsi Aprili 1971 serikali ilivyotaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani kubwa, kuanzia shilingi 100,000 za wakati huo, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Akalitazama banda langu, akatazama bati, akamtazama na Injinia aliyekuwa anaota jua mlangoni.

"Hili wasingelichukua," akasema.

Mpaka leo sijajua kama alikuwa ananifariji. Wapangaji kila asubuhi anawasalimia, "Wanyonywaji, mmeamkaje?" Nao wanamwitikia kwa furaha. Na yeye mwenyewe, usisahau, hajawahi kunilipa hata senti.

Mpangaji wa kwanza aliletwa na dalali. "Kijana mpole, kinyozi, hana vitu." Dalali akachukua kwa kijana kodi ya mwezi mmoja iliyo haki yake, kisha akaja kwangu kuomba ya soda. Kijana alipohamia likaja guta limebeba subufa moja ukubwa wa jokofu. Kweli hakuwa na vitu vingine, ukiacha hita ya maji aliyoificha ndani ya ndoo.

Hapo ndipo umeme ulipotushinda. Zamani tulikuwa kwenye daraja la watumiaji wadogo, uniti moja shilingi 100 kabla ya makato, mradi msizidi uniti 75 kwa mwezi. Elfu kumi ilitutosha mwezi mzima na chenji. Yule kijana, ambaye sasa tunamwita Subufa, na hita yake wakatuvusha 75, tukapandishwa daraja la 292. Elfu kumi ile ile sasa inatoa uniti 28. Na tarehe mosi, wakishakata ile 1,500, zinabaki 23 na pointi. Mara ya kwanza kununua, Subufa alinijia na karatasi ya tokeni mkononi.

"Baba mwenye nyumba, shikamoo. Uniti nne zimeenda wapi?"

Nikamwelewesha kistaarabu kwamba tangu 2021 kodi ya jengo inakusanywa kwenye LUKU, ilianza 1,000, tangu Julai 2023 ni 1,500, ni kodi ya mwenye jengo.

"Kumbe ni yako," akasema.

Nilijifunga goli mwenyewe, ndugu yangu. Nikapendekeza kila mlango utoe 500. Wakacheka wote, akiwemo mke wangu.

Mke wangu ndiye Wizara ya Huruma. Mjini hapa wenye nyumba wanataka miezi sita mkononi, lakini mpangaji wa pili, Mama Nasra muuza vitumbua, aliingia na mwezi mmoja kwa sababu mtoto wake alimchekea Mama Rehema. Mwezi wa pili nilishangaa alipolipa kabla ya siku yake, noti sita za elfu kumi, kwa mikono miwili. Nikamsifu mbele ya Subufa. Usiku Mkaguzi Mkuu akaziweka noti mezani, moja moja. Nne zilikuwa na R ya kijani.

Mama Rehema alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua hata uso. "Baba Rehema, mwenzio alikwama. Ungetaka akose kodi?"

Nikaandika risiti nikasaini.

Sasa mita imenyamaza. Giza. Subufa imekatika katikati ya kiitikio, na huko uani namsikia Injinia akiuliza, kwa mshangao kabisa, kama umeme umekatika. Upande wa mbele redio ya betri ya Mzee Azimio inaendelea na taarifa ya habari. Nina tumaini langu moja: Mama Nasra ameloweka mchele, na blenda haiendi kwa kuni. Nikabana pumzi. Namsikia mke wangu kwenye korido ananong'ona na mtu, halafu mlio wa vitufe vya mita, ti, ti, ti, tarakimu 20 nikizihesabu zote.

Taa ikawaka. Subufa ikadakia kiitikio pale pale ilipoachia. Nikajinyoosha kitandani, mshindi, kwa mara ya kwanza tangu nipige msingi.

Mlango ukafunguliwa, Mkaguzi Mkuu na daftari lake.

"Baba, nimeandika. Umeme elfu kumi, uniti 23 na pointi nane. Simu yako nimeichomeka kwenye chaji."

"Namba ya siri umeijuaje?"

"Babu," akasema, akafunga mlango.